Pastiye za bloke zinavuja ku Land Cruiser ya zamani: ubadilishe moja, zote, ao motere nzima?

Swali: "Jambo papa fundi. Niko Goma, ku Himbi. Baba alituachia Land Cruiser FJ40, motere ni 2F ya petroli, haijawahi kufunguliwa. Sasa inakunywa mayi. Nikitoka hapa mpaka Sake lazima niongeze, na ikilala, asubuhi nakuta alama ya mayi chini, upande wa kolekteri, ile chuma ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Fundi wa kwanza alisema bloke imepasuka, nitafute motere ingine. Wa pili akasema ni pastiye tu, atapaka gundi ya Araldite tumalize. Mwingine akaniambia hizo pastiye ni kitu cha nchi za baridi, huku hazina kazi. Nifuate nani? Na inawezekana kuzibadilisha bila kushusha motere?"

Jambo ndugu yangu. Fundi wa pili njo aliona vizuri, ni pastiye, vile visahani vya chuma vinavyoziba matundu ya ubavuni wa bloke, lakini dawa yake ni mbaya. Wa kwanza umuache kabisa, asikuuzie motere ya mtu mwingine wakati hata hajaangalia mayi inatoka wapi.

Tuanze hapo. Motere ikiwa baridi, osha ule upande wote na brashi na mazutu kidogo, toa mafuta na vumbi ya miaka yote hiyo, kausha na kitambaa, kisha mwagia pudra ya mtoto juu ya bloke ikae nyeupe. Kama kuko garaji inayokuwa na pompi ya kutestia radiateri, wapige presha mpaka ile namba iliyoandikwa ku kifuniko cha radiateri yako, wasipite hapo (ku Toyota za wakati ule mara nyingi utasoma 0.9). Kama pompi haiko, washa motere ipate moto, uzime, uchukue torchi na kioo kidogo kama kile cha kunyolea, uangalie nyuma ya kolekteri pole pole bila kuungua mikono. Mayi itachora njia yake mu pudra. Ukiona imeanzia ku ukingo wa chini wa kisahani cha chuma cha mviringo, ao katikati yake kuko katundu kadogo kama ka sindano na kutu imezunguka, ni pastiye. Ikianzia juu, pale kulasi (kichwa cha motere) inapokalia bloke, hiyo ni jointi ya kulasi, ni maneno mengine. Bloke yenye kupasuka inaonyesha mstari, haionyeshi duara. Angalia pia mafuta ku kijiti, yakiwa na rangi ya maziwa usiguse pastiye, kuko ugonjwa mkubwa ndani.

Kwa vile unavyoeleza, mayi kushuka usiku motere ikiwa imezima, upande wa kolekteri, na kama gari inatembea vizuri bila moshi mweupe, mimi naweka makuta yangu ku pastiye.

Sasa huyu anayesema ni za nchi za baridi. Anarudia kile watu wengi wanasema, hata mu Ulaya na Marekani wanaziita hivyo, kwamba mayi ikigeuka barafu mu bloke, pastiye inaruka inje na bloke inapona. Ni kweli mayi ikiganda inapanuka karibu 9%, na ni kweli siku ingine pastiye inaruka. Lakini siku zingine bloke inapasuka na pastiye zote zinabaki pale pale zimekaa vizuri, juu ya hakuna mtu aliyezitengeneza kwa kazi hiyo. Kazi yake inatokea ku kiwanda. Bloke ya chuma inamwagwa mu umbo la mchanga, na zile njia za mayi za kuzunguka silinda zinatengenezwa kwa kuweka mchanga mgumu ndani kabla ya kumwaga chuma. Ule mchanga lazima ushikiliwe usielee, na chuma ikishapoa lazima utoke. Matundu ya ubavuni njo ya kazi hiyo. Mchanga ukishatoka wanayaziba na kisahani cha chuma, basi. Hata motere ya gari ambayo haitaona baridi maisha yake yote iko nazo. Sisi huku barafu tunaiona kwa mbali tu, asubuhi zingine Karisimbi ikiamka na kichwa cheupe, lakini pastiye zinaoza Goma kama kwingine, na pengine mbiyo zaidi.

Zinaoza juu ya nini? Bloke ni chuma nene ya kumwaga, pastiye ni bati nyembamba, milimita moja na kitu. Kutu ile ile ambayo ku bloke inakwangua juu tu, ku pastiye inatoboa. Na inaanzia ndani, kwa hiyo unaweza kuiangalia kwa inje iko safi, rangi iko, kumbe nyuma imebaki kama karatasi. Ukiikuta inavuja leo, ujue zingine zote za umri ule ule ziko njiani, ndiyo maana ku swali la moja ao zote jibu langu ni zote zile unazoweza kufikia. Kufungua kolekteri mara mbili mu mwaka mmoja juu ya kubana pesa ya kisahani kimoja, hiyo si hesabu.

Na hapa Goma kuko kitu kinachosaidia kutu, na hamkipendi kukisikia: mayi yenyewe. Tunaishi juu ya mawe ya volkano, mvua ikinyesha inapotelea chini, kwa hiyo wengi wetu tunachota ziwani. Ziwa Kivu mayi yake iko na chumvi chumvi nyingi, magneziamu, bikarbonati, pH yake juu juu inafika karibu 9. Ukiiweka mu radiateri na kuichemsha kila siku, ile bikarbonati inageuka ukoko mweupe unaoshika ndani, ule ule unaouona mu birika ya chai. Kisha kila ukiongeza litre moja ku Sake, umeongeza chumvi mpya na hewa mpya, na hewa njo chakula cha kutu. Wengine wanasema basi mimi naweka ya mvua, ni safi. Ya mvua ya hapa inapita mu moshi wa Nyiragongo, moshi ule uko na asidi, kisha inapita juu ya bati la nyumba. Kwa kufua nguo sawa, mu motere hapana.

Araldite sasa. Fundi atakwangua, atapaka, itakaa wiki moja ao tatu, na utafurahi. Lakini amepaka juu ya bati lililooza upande wa ndani. Motere inapata moto inapanuka, inapoa inarudi, kuko presha ndani, na siku itakapoachia inaweza isiwe tone tone kama sasa, tundu lifunguke wazi, mayi yote itoke dakika chache, na mahali pabaya. Hapa tuko kama metre 1,500 juu ya bahari, mayi bila presha inachemka karibu digri 95, haingoji 100. Kifuniko kizuri cha radiateri kinaipandisha mpaka 115 hivi, lakini presha inaposhikwa tu. Tundu likiwa wazi umepoteza mayi na presha pamoja, na uko unapanda mlima wa Kabasha na mizigo. Hapo njo bloke inapasuka kwa kweli na yule fundi wa kwanza atasema si nilikuambia. Hata zile dawa za kumwaga mu radiateri, mayai, unga sijui wa nini, uziache. Zinaziba tundu na zinaziba radiateri.

Haya, kazi yenyewe. Zile za ubavuni zinafanyika motere ikiwa mu gari. Ku 2F lazima utoe kolekteri, ile ya kuingiza na ile ya eshapoma zimeshikana upande mmoja, kwa hiyo zinatoka pamoja na karbirateri. Hapa njo pagumu kuliko pastiye zenyewe: zile buloni za kolekteri zimekaa mu moto miaka mingi. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kwanza, asubuhi tena, ujaribu kwa kwenda mbele na kurudi, usivute kwa hasira, maana moja ikikatikia mu kulasi umejitafutia siku ingine ya kazi. Nunua jointi mpya ya kolekteri kabla hujaanza, ile ya zamani haitarudi.

Toa nyaya ya batri, mwaga mayi ya radiateri, kisha tafuta na robine ya bloke, iko chini ubavuni. Mafundi wengi wanaisahau, wanapiga pastiye na mayi yote ya bloke inawaruka usoni. Kama robine imezibwa na tope, ingiza waya uzungushe. Na mwaga mu chombo kama ilikuwa na likidi ya radiateri, isibaki chini, iko tamu na ni sumu, imbwa na kuku wanakunywa wanakufa.

Kabla ya kuitoa pastiye, pima imezama kiasi gani ndani ya tundu. Andika. Ile mpya itakaa pale pale.

Sasa kuitoa. Watu wanadhani unaipiga katikati ikaingia ndani, kisha unaitafuta. Hapana, usifanye hivyo, nyuma yake kuko silinda, mahali pengine ni sentimita moja ao mbili tu, na ikishadondoka chini mu njia ya mayi kuivua ni kazi ya mchana mzima. Chukua pwansoni yenye kichwa bapa ao turnevisi ya zamani nene, weka ku ukingo wa ndani wa upande mmoja, upande wa chini kwa mfano, upige na nyundo kwa kipimo. Pastiye haitaingia yote, itageuka, upande ule wa chini unaingia ndani na ule wa juu unatoka inje, mpaka inasimama ubavu ubavu mu tundu kama sarafu imesimama. Hapo unaishika na pensi yenye nguvu, unakunja kuelekea kwako, unaivuta. Ikitoka utasikia ile "pwa", na nyuma yake kutakuja tope. Kama imeoza sana na inakatika vipande, toboa katundu katikati na perezi, lakini funga tepu ku ncha yake ya kutobolea kama alama usipite ndani, ingiza skru fupi na uvute na hiyo.

Ikishatoka iangalie upande wa ndani, utaelewa yote niliyoandika. Kisha usiwe na haraka ya kufunga. Tundu liko wazi, hautapata nafasi hii tena miaka mingi. Ingiza kidole: juu utakuta tope laini la rangi ya kahawa, chini yake gumu limeshika. Kwangua na waya iliyokunjwa, piga mayi na mpira kwa presha kupitia matundu yote, moja baada ya ingine, mpaka inatoka safi. Silinda za nyuma njo zinajaa zaidi, pompi iko mbele na tope linakwenda kulala nyuma. Nimeona gari inayochemka miezi, wamebadilisha radiateri, wamebadilisha pompi, kumbe silinda ya mwisho ilikuwa imezikwa mu tope.

Tundu lenyewe, safisha kuta zake na msasa laini kwa kuzungusha, usikwangue na bureni, mchoro wa kukata ukipita toka inje mpaka ndani ni njia ya mayi. Likauke kabisa.

Kununua: usiende Birere na pastiye ya zamani mkononi ukasema nipe kama hii, ile imeshakunjwa na kutu imeila. Pima tundu na pie-a-kulisi (ile rula ya chuma yenye midomo ya kuteleza), pande mbili tofauti, ukiwa umeshalisafisha. Pastiye nzuri ni kubwa kuliko tundu kwa kitu kidogo sana, sehemu ya milimita, na kule kubana njo kunaishikilia. Muuzaji akikuambia hii inakaribiana, ujaribu kwa kidole gumba: ikiingia kwa kidole umrudishie. Toyota ni za milimita, na sokoni kuko za inchi za gari za Kiingereza zinazofanana kwa macho. Ziko za chuma na ziko za shaba ya njano. Ya shaba haishiki kutu na ni laini, inakaa vizuri, kama utaipata chukua hiyo. Ya chuma haina ubaya, kiwandani waliweka hizo hizo na zimekutumikia miaka zaidi ya 40, FJ40 za mwisho zilitoka 1984. Za inoksi mimi sizipendi kwa kazi hii, ngumu kukaa mu tundu lililochoka.

Kuko aina mbili, usichanganye. Moja ni kama kikombe kifupi, iko na ukuta wa pembeni, hiyo njo utakayoikuta mara nyingi. Ingine ni kisahani chenye kuvimba katikati tu, inakalia ngazi ndogo ndani ya tundu: unaiweka tumbo likiangalia inje, unaipiga katikati na chuma ya mviringo mpaka inakuwa bapa, ikiwa bapa inatanuka na kubana. Ukiizidisha ikaingia ndani kama shimo, imelegea tena, toa weka mpya. Hii ya pili inaitwa Welch, jina la ndugu waliokuwa wanatengeneza gari kule Michigan mwanzo wa miaka ya 1900, na inasimuliwa kwamba ya kwanza ilikuwa sarafu ya nusu dola waliyoipigilia ku tundu lililokuwa linavuja. Wamarekani na pesa yao.

Ya kikombe: paka pate ya jointi ile isiyokauka ikawa jiwe, kidogo tu kuzunguka ukuta wa pastiye na ukingo wa tundu. Mdomo wa kikombe unaangalia inje, kwako. Tafuta duyi (ile ya kufungulia buloni) inayoingia ndani ya kikombe bila kubana, ikae chini ku sakafu yake, weka ekstensio, na piga. Mapigo ya kwanza madogo madogo, huku unaangalia inaingia sawa sawa pande zote. Ikianza kwenda upande usijaribu kuinyoosha kwa kupiga upande mwingine, itavuja, itoe na uchukue mpya, ndiyo maana unanunua mbili za ziada. Sauti inabadilika ikishakaa, inakuwa nzito. Mdomo uzame ndani ya tundu kama milimita 1 ao 2, ao ule urefu ulioandika. Usipige ku mdomo wenyewe, unaukunja.

Ile ya nyuma kabisa, upande wa volani, motere nyingi ziko nayo na hauifikii bila kutoa bwati ya vitesi. Mimi ningefanya hivi: kama pudra ilionyesha nyuma pakavu, iache, ila ununue yake uweke mu nyumba, na siku bwati inashuka juu ya embreyaji unaibadilisha bila kujiuliza. Ukiona mafuta yanatoka huko nyuma badala ya mayi, inaweza kuwa pastiye ingine, ya kamu (chuma inayozunguka na kufungua valvu), inatoka njia hiyo hiyo.

Acha pate ikae usiku mzima. Kisha kujaza. Mayi iwe distile, na uangalie sana ku duka: wanauza distile ya batri na wanauza asidi ya batri, bido zinafanana, wote wanaita mayi ya batri. Soma, fungua, ukiwa na shaka usinunue. Changanya na likidi ya radiateri nusu kwa nusu, ukikosa pesa usishuke chini ya theluthi moja. Si juu ya barafu, ni juu ya ile dawa ya kuzuia kutu iliyo ndani yake. Kwa radiateri ya shaba ya gari hii tafuta ile ya kizamani yenye silikati, na usidanganywe na rangi, siku hizi kila kiwanda kinapaka rangi kinayotaka, soma karatasi. Ile ya kizamani inachoka, ibadilishe kila miaka 2. Na kama mtu alitoa termostati "juu ya joto la Afrika", irudishe, motere isiyopata moto wake inakula petroli na inajijaza uchafu.

Jaza pole pole, robine ya shofaji ikiwa wazi. Kama uko na ile pompi, piga presha tena kabla ya kurudisha kolekteri, hii naisisitiza, kuliko kuifunga yote na kuona tone. Kolekteri ikisharudi, washa bila kifuniko mpaka termostati ifunguke na hewa itoke, ongeza, funga. Angalia pia nyaya ya masi toka motere mpaka shasi, ikiwa imelegea umeme unatafuta njia mu mayi na kutu inapata msaidizi.

Kuko pia pastiye za mpira zenye buloni katikati, unakaza mpira unatanuka. Kwa kufika nyumbani ziko sawa, weka moja yenye kipimo chako mu sanduku la vyombo, lakini usiiache mu motere mwaka mzima, mpira unachoka na moto. Ukishatoa zile za zamani nitumie picha yao, upande wa ndani, pamoja na ile ya mayi uliyomwaga mu chombo. Nikiona rangi yake nitakuambia kama radiateri nayo inahitaji kushushwa.